Sauti Yangu Ndani ya Tableti ya Baba

Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nikiamrishwa na sauti yangu mwenyewe. "Chai." "Choo." "Funga dirisha." "Choo." Niko jikoni nakaanga vitunguu, najisikia nikijiita kutoka sebuleni. Siku niliyoirekodi nilikuwa na mafua, kwa hivyo sauti inatoka imeziba pua na haina hata chembe ya heshima.

Baba alipata kiharusi akiwa shambani kwake, Theta. Mkono wa kulia na maneno viliondoka pamoja. Akili ilibaki. Hospitalini mtaalamu wa usemi alitufundisha kutumia tableti yenye picha: kikombe, kitanda, choo, dirisha, redio, shamba, na nyingine mbili za ndiyo na hapana. Mgonjwa anagusa picha, tableti inasema. Sauti iliyokuja nayo ilikuwa ya mwanamke asiyejua Kiswahili, anayekisoma kama mtu mwenye mawe mdomoni. Baba aliisikia mara moja akaisukuma tableti ikaanguka. Ndipo nikaweka yangu.

Msifikiri kwamba angeweza kutikisa kichwa tu tukaelewana. Kichwa chake kiliharibika kwa namna ya ajabu: kinaitikia kila swali. Ukimwuliza kama ana njaa, kinaitikia. Ukimwuliza kama ameshiba, kinaitikia vilevile, na macho yake yanakuonyesha kwamba anakasirishwa na kichwa chake. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto ndicho kilichobaki kusema kweli.

Nilimleta kwangu Kiuu, kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba viwili ambamo pia nashona sare za shule. Kumwinua, kumwosha, kumlisha, kumgeuza, kisha cherehani, kisha kumwinua tena. Wanawake wa kanisani huniambia kwamba kumtunza mzazi ni baraka. Huwa naitikia amina na kuwakaribisha chai, lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Katikati ya haya yote, tableti nayo ikaanza kukataa chaji. Unachomeka waya, alama ya betri inatokea, unageuka kuchukua uzi, imepotea. Kwanza nililaumu stima ya ploti tunamopanga, kwa sababu ni desturi yetu kuilaumu. Kisha nikaipeleka kwa fundi wa simu mjini Ruiru, kijana mwenye meza ndogo na taa kubwa. Aliingiza kijiti cha meno kwenye tundu la chaja akatoa donge la nyuzi za bluu.

"Mum, hii ni nini? Ni blanketi?"

Lilikuwa blanketi la Baba. Tableti hukaa mapajani mwake kutwa nzima, na tundu lilikuwa limekula pamba ya kutosha kujaza mto wa mtoto. Likasafishwa, tukapata siku chache za amani. Halafu waya ukafa, nikanunua mwingine wa bei rahisi kando ya barabara. Tableti ikalala kwenye chaji usiku kucha, na asubuhi ikawa kama haikugusa kitu. Fundi alicheka. Aliniambia hizo za barabarani hupitisha stima kidogo mno, ni kama kujaza tangi kwa kijiko. Nikanunua waya mzuri. Wiki iliyofuata tableti ikaanza kuzima ghafla, ikionyesha kwamba betri iko karibu nusu.

"Hapo sasa betri imechoka," fundi alisema. "Na hii tundu imelegea. Mzee anavuta waya na mkono moja, anaivuta upande. Nitaagiza betri Nairobi. Tundu nitachomelea siku hiyo hiyo. Nikifungua hii kioo mara mbili itapasuka."

Akanionyesha jinsi ya kujikimu kwa wakati huo. Chomeka waya, kisha uusukume juu kwa kidole gumba, usiachilie. Ukiachilia, inazima. Na ikizima, lazima ikae kwenye chaji muda mrefu kabla ya kuwaka tena. Ukiiharakisha, inaonyesha nembo yake tu, halafu inakufa.

Betri ilikuwa bado haijafika wakati kaka yangu mkubwa alipoitisha mkutano wa familia kule Theta.

Kaka anaishi Thika. Si mtu mbaya, nasema hivi hata nikiwa na hasira naye. Alikuwa amepata mnunuzi wa shamba la Baba, mtu anayetaka kujenga nyumba za kupangisha, kama wanavyojenga wote upande ule siku hizi. Alikuwa amekuja Kiuu, akapiga magoti mbele ya kiti cha Baba na kumwuliza, "Mzee, tuuze?" Kichwa kikaitikia. Kaka akaondoka na moyo mweupe. Nilimwambia kichwa hicho hakiaminiki, akasema mimi napenda kufanya mambo kuwa magumu.

Sikumwambia mtu, lakini nami nilitaka liuzwe. Shamba likiuzwa, ningeweza kumwajiri mtu wa kunisaidia, nilale usiku mmoja bila kuamka. Ila nilijua Baba anataka nini. Kila asubuhi aligusa picha ya shamba kabla ya picha ya chai. Nikimtajia mnunuzi, aligusa hapana, tena na tena, mpaka sauti yangu ikanichosha. Neno la mtu ni lake. Nilijiambia nitampeleka akaliseme mwenyewe mbele ya watu, wamalizane, na mimi nibaki na uchovu wangu.

Nyumba ya Theta ilikuwa imefungwa tangu augue, na mita ya stima haikuwa na tokeni. Nikabeba pawabenki ya kuchajia. Tukamkalisha Baba kwenye kiti chake cha zamani, tableti mapajani, nami nikaketi kando yake kwenye kigoda, kidole gumba kikiusukuma waya.

Nilichosahau ni jinsi sisi tunavyofanya mikutano. Kwanza maombi, na aliyeombwa kuomba hakuacha ukoo wowote nje. Kisha chai na mikate. Kisha kila mtu ajulikane, ingawa tulizaliwa pamoja. Kisha wasemaji kwa zamu, na mwenye boma husema mwisho, kwa sababu neno lake ndilo linalofunga. Hiyo ni heshima, na siku zote nimeipenda. Siku hiyo niliiona kama adhabu. Niliwaza kusimama nikaomba Baba aanze, lakini ndugu yake, ambaye tunamwita baba mdogo, ndiye aliyeongoza mkutano, na hakuna binti wa kumkata kauli mtu kama huyo. Chai yangu ikapoa. Kidole kikaanza kuuma, baadaye kikafa ganzi, na sikuthubutu kubadilisha mkono.

Mwishowe baba mdogo akasema, "Sasa tumsikize mzee mwenyewe. Shamba liuzwe?"

Kichwa kikaitikia. Kaka akavuta pumzi ya kushukuru. Kisha kidole cha kushoto kikanyanyuka polepole, kikagusa kioo.

"Shamba," ilisema sauti yangu yenye mafua. Kidole kikahama. "Hapana."

Watu wakanitazama mimi, si Baba.

"Hiyo ni nini?" kaka aliuliza. "Hiyo si ni sauti yako?"

"Ni yangu nilirekodi. Lakini ni yeye amegusa. Mimi nimeshika waya tu."

"Tangu tuanze hiyo mkono yako iko hapo. Hebu itoe tuone."

"Nikitoa itazima. Tundu limeharibika."

"Mnaskia?" akawageukia wengine. "Ati akitoa mkono, mzee ananyamaza. Na mimi nilimwuliza, akakubali. Hata sasa mmeona amekubali."

Nilieleza habari za betri na fundi na waya. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo nilivyosikika kama mwongo. Baba mdogo aliniambia kwa upole, "Mwanangu, achilia kidogo tu, watu wasibaki na shaka."

Nikaachilia. Baba alikuwa tayari amenyanyua kidole kusema tena. Kioo kikawa cheusi kabla hakijafika. Aligusa mahali picha ya hapana ilipokuwa. Akagusa tena. Mtu mmoja alisema ashike waya yeye badala yangu, na wazo lilikuwa zuri, lakini lilichelewa. Walijaribu. Nembo ikaonekana, ikafa. Baba aliendelea kugonga kile kioo cheusi kwa kidole, naye kaka akasema kwa sauti ya chini kwamba inatosha, tusimsumbue mzee, tuandike kwamba amekubali.

Hapo ndipo hasira ilinipanda. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutojali.

"Mimi nataka liuzwe," nikasema.

Kaka akaweka kikombe chini.

"Ingekuwa ni mimi nabonyeza, ningebonyeza ndiyo. Mnajua mara ya mwisho nimelala usiku mzima ni lini? Namwinua, namwosha, nashona, namwinua tena. Nimechoka na hii kazi. Shamba ikiuzwa nitaandika mtu, nipumzike. Hiyo hapana inaniumiza mimi kuliko nyinyi wote. Sasa ningeitunga ya nini?"

Baba mdogo akasema, "Basi. Mtu hatungi neno la kujiumiza. Mzee amekataa. Shamba halitauzwa akiwa hai." Kaka hakubisha. Alinitazama kama mtu anayeniona kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akasema, "Pole, dada. Sikujua imefika hapo."

Nikamgeukia Baba, nikitaka aone kwamba ameshinda. Kidole chake kilikuwa kimeacha kugonga. Alikiondoa kwenye kioo, akaulaza mkono wa kushoto juu ya ule wa kulia, akatazama mlango. Masikio yake hayajawahi kuwa na shida yoyote.

Betri ilifika siku chache baadaye. Fundi aliifunga, akachomelea tundu jipya, akaninyoshea tableti kwa fahari. Inashika chaji vizuri, haizimi, waya unaingia na kutulia bila kushikiliwa. Kila asubuhi naiwasha na kuiweka mapajani mwa Baba, namwambia, "Baba, ukitaka kitu gusa, niko hapa." Anaipangusa vumbi kwa kiganja. Hagusi picha. Akitaka maji anainama kulivuta jagi mwenyewe na kuyamwaga. Akitaka choo anajikokota kwa kushika ukuta, na nimemkuta sakafuni mara mbili. Nimemwomba msamaha, nimemwelezea, nimelia mbele yake. Hunipapasa kichwa kama alivyofanya nikiwa mdogo, kisha mkono anaurudisha mahali pake.

Juzi nilipita karibu na meza ya fundi. Akaniita, akataka kujua betri inakaaje. Nikamwambia inakaa siku mbili, wakati mwingine tatu.

"Si nilikuambia hiyo ni betri ya nguvu," akasema, na nikamshukuru.