Dalali wangu wa hisa aliyesema yuko Dubai

Jamani, sikieni yaliyonikuta leo.

Wiki nzima nalinganisha app mbili za kununulia hisa, niweke akiba yangu ya uzeeni. Moja inataka kitambulisho na uvumilivu. Nyingine inakufungulia akaunti papo hapo, hisa za Marekani zote, na dalali wako mwenyewe kwenye simu.

Binti yangu Zuhura akanisihi: "Mama, usitume kitu kabla hujaongea nao."

Basi leo nikawapigia hao wa haraka, nimesimama mlangoni pa duka langu la vitenge, Kariakoo.

Akapokea kijana, sauti tamu. "Karibu bosi! Mimi ndiye dalali wako, nipo ofisini kwetu Dubai."

Nikaanza kumuuliza makato. Mtaani spika ya muuza mashuka inapiga kelele: "Mashuka ya kotoni! Njoo uchague mwenyewe!"

Na ndani ya simu nasikia: "Mashuka ya kotoni! Njoo uchague mwenyewe!"

Nikamuuliza, "Mwanangu, huko Dubai nako wanauza mashuka?"

Nikageuza shingo. Ng'ambo ya barabara, pembeni ya ile spika, kijana kaganda na simu sikioni, ananitazama.

Midomo ikamcheza. Nikamsikia kwenye simu: "Shikamoo, mama."

Na mimi, jamani, nikaitikia: "Marahaba."

Akakata, akapotelea kwenye watu.

Akiba yangu ipo salama, app nimeifuta. Ila kutulia nashindwa, kila anayepita na simu namkodolea macho.

Nyie mngemjibu nini?