Kitako cha Sufuria

Mteja wa Katwe, mtaa wetu wa mafundi, akishika sufuria, jambo la kwanza huipindua. Mng'aro haumhusu. Anaangalia kitako, maana fundi hugonga alama yake hapo, ili ikivuja kesho ajulikane wa kurudishiwa. Alama ya baba yangu ilikuwa nukta tatu na mkwaruzo mmoja. Ndiyo kitu pekee cha karakana yake alichotoka nacho Kongo.

Mimi nikaajiriwa ofisi moja ya Bugolobi kutengeneza maumbo ya bidhaa kwa ajili ya tovuti, yale unayoyazungusha kwa kidole kwenye simu. Hoteli moja ilipotafuta fundi wa sufuria kubwa, nilimsihi bosi tumweke baba kwenye tovuti. Oda ile ingemtoa kwenye kibanda cha kupanga. Siku ya kupiga picha, baba alivaa shati la kanisani. Nilikuwa napiga picha sufuria tu, lakini shati alivaa.

Bosi akalalamika, "Picha ni nzito mno! Simu za watu zitakwama." Basi nikazibana picha zinazovalishwa umbo. Ubavuni, penye mng'aro, nikaacha nafasi kubwa. Kitako nikakipa kipande kidogo kabisa cha picha, kama kiraka. Nilijiambia, nani ataangalia chini? Mimi, mtoto wa Katwe! Nukta zikayeyuka, ikabaki rangi ya kijivu. Ukurasa ukafunguka haraka, bosi akanipongeza, nami nikafurahi, mjinga mimi.

Kumbe mnunuzi wa hoteli naye alikulia Katwe. Alifika kibandani nikiwepo, simu mkononi, akaipindua sufuria ya kwenye simu: kitako laini. Akaipindua ya baba: nukta tatu.

"Mzee, hii ya kwenye simu si yako," akasema. "Umeiba kazi ya mtu."

Baba alinitazama. Nilieleza habari za kubana picha, nikaapa kwamba picha za mwanzo ziko ofisini. Wapi! La kuvunda halina ubani. Mnunuzi akavuka kwa fundi jirani.

Baba hakunigombeza. Afadhali angenitukana. Wiki iliyofuata nilimkuta akimaliza sufuria nyingine, akaiweka rafuni bila kuigonga.

"Baba, na alama je?"

"Si ulishaifuta, mwanangu? Nigonge ya nini tena?"

Sufuria hiyo ninayo mimi. Bado naipindua kila ninapoiosha.