Chuma cha Daraja la Tatu

Kapembwa wa Nchelenge, kando ya ziwa, alikuwa mvuvi hodari, lakini mdomo, jamani! Aliponunua vyuma viwili vya reli kutoka ng'ambo, Kongo, ziwa zima lilijua. Wenzake walikausha samaki juu ya miti iliyoungua kila juma. Yeye akajenga uchaga wa chuma, akawacheka mpaka wakamchoka. Mama yake, Mwaba, ndiye aliyechochea moto hapo.

Mama huyo alitaka jambo moja tu: kujua alipolazwa mwanawe wa kwanza, Goodson. Alifia ng'ambo akifanya kazi kwenye reli ndogo ya mgodi, na wenzake wakaleta habari tu kwamba wamemzika kwenye daraja la tatu. Kisha mgodi ukafungwa, reli ikang'olewa. "Nitakufa bila kumulilia mutoto wangu pale alipo," alisema kila siku, hata mwaka 1956 Kapembwa akashindwa kuvumilia, akavuka na mtumbwi.

Yaba, reli iko wapi! Majani yalikuwa yamemeza tuta lote. Alipapasa kwa nyayo vishimo vilivyoachwa na mataruma, vile vyuma vya kulalia reli. Daraja la kwanza lilibaki nguzo, la pili shimo la vyura. Kwenye la tatu alimkuta mama mmoja, Chabu, akilima mihogo juu ya tuta.

"Kaburi? Lile pale, tata. Nalifagia miye, mutu hapaswi kulala mu majani. Kichwani kulikuwa na chuma, jina limechongwa kwa patasi. Wezi wakaking'oa pamoja na vingine, wakauzia watu wa Nchelenge, wale wa kukausha samaki."

Kapembwa akakaa chini, akalia kama mtoto.

Alipofika nyumbani hakumsalimu mtu. Aliangusha uchaga, samaki na yote, akakwangua masizi kwa kisu. Chuma cha kwanza hakikuwa na kitu. Cha pili kilikuwa na herufi.

"Kumeandikwa nini?" akauliza mama, asiyejua kusoma.

Yule mwenye mdomo akafuata herufi kwa kidole. Majirani walisimama pale, hakuna aliyecheka.

"Goodson, mama. Ndiye huyu. Miaka mitatu tumekausha samaki juu yake."

Alingoja laana. Mama akakifuta chuma kwa kitenge chake, polepole, machozi yakimtoka.

"Mutoto wangu, na moto wote ule nilikuwashia," akasema. Kisha akamgeukia Kapembwa. "Kibebe. Leta na kasia. Tunamurudisha, na miye naenda."