Mwanamke Aliyeshika Uzi Kwenye Boti ya Ruangwa

Wapo watakaosema siku ile nilikuwa na homa, na wapo waliokwisha kusema nilikuwa na wivu. La homa nalikataa. La wivu nalikubali, tena mbele yenu nyote, kwa sababu bila wivu ule nisingekwenda Ruangwa na nisingeona nilichokiona, mchana kweupe, jua linachoma. Sikusimuliwa na mtu. Miguu iliyopanda ile ngazi ni hii hapa.

Mimi ni fundi cherehani, hapa Nachingwea. Mume wangu, Issa, ni fundi wa redio na madishi ya televisheni. Kabla hatujaoana aliwahi kufanya kazi Mtwara, kwenye karakana ya boti, na huko ndiko alikojifunza vyombo vya baharini. Sasa, mwaka ninaousema, simu za mkononi zilikuwa zimeanza kushika hapa mjini, lakini ukifika Ruangwa unaizungusha simu hewani kama mtu anayefukuza mbu. Tajiri mmoja wa ufuta kule Ruangwa akanunua boti kuukuu pwani. Badala ya kuitengenezea hukohuko, akaipakia kwenye lori mpaka kwenye yadi yake, nyuma ya ghala, maana alisema pwani wangemwibia hata misumari. Watu wakawa wanatoka Nandagala na Chinongwe kuja kushangaa boti iliyokaa juu ya magogo, bahari yenyewe haipo hata kwa kunusa. Maseremala walipomaliza, tajiri akamwita Issa amfungie dira ya setilaiti.

Issa alinieleza habari ya dira hiyo jioni moja, mimi nakata kitambaa. Dira ya kawaida ina sindano, akasema, na sindano inadanganywa na chuma, na boti ina injini. Hii haina sindano. Inasikiliza setilaiti zilizo juu, kisha inaandika namba kwenye kioo, nahodha anajua pua ya boti inatazama wapi hata kama boti imesimama tuli.

"Ila lazima ikae sambamba kabisa na boti," akasema. "Ikipinda kidogo tu, watu watapotea baharini. Nahitaji mtu wa kunishikia uzi upande wa pili. Twende wote, Mama Zuhura. Siku nne, tano tu."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

"Nikashike uzi wa boti nchi kavu? Watu wanicheke?"

Alikunja shati lake, akalitia kwenye begi.

Siku tano zikawa kumi. Kumi zikawa wiki tatu. Sikuwa na wasiwasi, nawaambia kweli, mpaka alipokuja mwanamke mmoja muuza dagaa, mtu wa safari za Ruangwa na Mbekenyera, kushonesha sare ya harusi. Nampima kiuno, naye ananiambia kwa sauti ya kunionea huruma:

"Shoga, sitaki kuvunja nyumba ya mtu. Lakini Issa hayuko peke yake kule. Kuna mwanamke anashinda naye botini. Anamshikia vifaa. Wanacheka siku nzima."

"Mwanamke gani?"

"Sikumwona uso. Namwona mgongo tu. Ana umbo kama lako."

Futi ikanidondoka. Mnaujua wivu nyie? Watu husema wivu ni moto, lakini wangu haukuwa moto. Ulikuwa kama jiwe la mchele: dogo, liko mdomoni, kila ukitafuna unalikuta. Usiku ule sikulala. Si kwamba niliwaza wamelala pamoja. Hilo niliwaza, ndiyo. Lakini lililonitafuna ni kule kucheka. Issa nyumbani hakuwa akicheka. Alikuwa anakula, anasikiliza redio, analala. Kumbe kicheko anacho, anampelekea mwingine?

Asubuhi nikamwacha Zuhura kwa dada yangu. Nikavaa gauni langu la kijani, lile nililojishonea mwenyewe kitambaa kikapungua, mkono wa kushoto ukawa mfupi kuliko wa kulia. Ni gauni ambalo Issa alikuwa akilisifia. Nikapanda lori la magunia ya ufuta, na njia nzima nikawa nafanya mazoezi ya neno nitakalomwambia huyo mwanamke. Nililipindua, nikalinyoosha, nikalipunguza, mpaka likabaki moja tu: "Na wewe ni nani, unayemfuata mume wa mtu?" Nilitaka niliseme taratibu, bila kupiga kelele.

Nilifika yadini alasiri. Mlangoni alikaa mlinzi, mzee wa Kimakua, anasuka mkeka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama." Akanitazama kwa mshangao. "Umepita wapi kutoka? Mimi sijaondoka hapa."

"Nimetoka Nachingwea."

Akacheka kwa adabu, kama mtu aliyetaniwa na mkwe. "Haya, mama. Ingia. Mzee wako anakusubiri."

Nikajua ananikejeli. Nikajua huyo mwanamke amekwisha kuzoeleka hata walinzi wanachanganya wake za watu. Nikaingia.

Boti ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani, nyeupe, imepakwa rangi mpya, na juu ya paa la chumba cha nahodha kimefungwa kitu cheupe, kirefu kama mkono wa mtu mzima. Ndiyo dira yenyewe. Sikumwona mtu. Nilisikia sauti. Kwanza ya Issa, anaeleza.

"Inakaa na masikio mawili, moja huku na moja huku. Setilaiti ikisema neno, sikio moja linasikia kabla ya jingine. Kwa tofauti hiyo ndogo inajua imegeukia wapi."

Kisha sauti ya mwanamke: "Na ikisikia moja tu?"

"Ikisikia moja inajua ilipo, lakini haijui inatazama wapi."

"Maskini," yule mwanamke akasema, na Issa akacheka. Akacheka kweli, kicheko cha tumboni.

Mimi nilikuwa mke wake miaka tisa. Sikuwahi kumwuliza swali moja kuhusu kazi yake. Nikashika ngazi.

Nilipoinua kichwa juu ya ukingo wa boti, Issa alikuwa amepiga magoti upande wa nyuma, amenipa mgongo. Jicho moja amelifumba, anatazama uzi wa nailoni uliovutwa katikati ya boti, kutoka mkononi mwake mpaka kule mbele ambako yeye anakuita omo. Na kule omo alikaa mwanamke, ameshika ncha ya pili kwa vidole viwili. Amevaa gauni la kijani. Mkono wa kushoto wa gauni ulikuwa mfupi kuliko wa kulia.

Kitambaa kinaweza kufanana, nitakubali. Dukani kipo majora kwa majora. Lakini kosa langu la mkono, nani mwingine analo?

Akainua uso. Ulikuwa uso wangu.

Si kwamba alifanana nami. Mtu anayefanana nawe unaona tofauti zake kwanza. Huyu alikuwa na kovu langu la kidevuni, la kuanguka na ndoo utotoni. Hakushtuka. Alinitazama mimi niliyening'inia kwenye ngazi, akanipima, na macho yale niliyafahamu, kwa sababu nilikuwa nimekuja nayo kutoka Nachingwea. Alikuwa ananionea wivu. Mimi!

Akasema taratibu, bila kupiga kelele, kwa sauti yangu:

"Na wewe ni nani, unayemfuata mume wa mtu?"

Neno lile sikuwa nimemwambia mtu. Hata dereva wa lori hakulisikia.

Issa hakugeuka. "Mama Zuhura," akasema, "usilegeze uzi."

"Abee," nikaitika.

"Abee," akaitika yeye.

Tuliitika kwa pamoja, na hilo ndilo lililomgeuza Issa. Akatazama nyuma akaniona mimi kwenye ngazi. Akatazama mbele. Omo hapakuwa na mtu. Uzi ulikuwa bado umenyooka hewani, umevutwa hasa, hauna aliyeushika. Tuliuona sote wawili. Kisha ukaanguka.

Ndani ya chumba cha nahodha kioo cha dira kikalia. Issa akakimbia kukitazama, nami nikamfuata kwa sababu sikutaka kubaki peke yangu. Namba zilikuwa zinakwenda. Boti iko juu ya magogo, haijatikisika, na kioo kinasema inageuka. Inageuka polepole kama mtu anayemsindikiza mgeni kwa macho. Ilimaliza mzunguko mzima, ikatulia palepale ilipokuwa mwanzo.

Mnadhani nilisali? Mnadhani nilikimbia? Ndugu zanguni, nilimshika mume wangu kola.

"Nani yule?"

"Yule nani? Wewe ndiye uliyekuwa hapa!" Akanionyesha kule omo. "Ulikuja wiki mbili zilizopita. Ukasema umemwacha Zuhura kwa dada yako. Kila siku uko hapa, unanishikia uzi."

"Amekula nini?"

Akafikiri. "Kila nikimkaribisha anasema ameshakula."

"Amelala wapi?"

Issa akainama. Akaanza kukunja ule uzi, akiuzungushia kidole gumba, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ukaisha. Nikauliza tena. Ni miaka mingi sasa, na mpaka leo sijajibiwa.

Jioni ile mlinzi alitupeleka kwa maalimu mmoja jirani. Maalimu alitusikiliza mpaka mwisho, hakufungua kitabu. Alimwuliza Issa jambo moja tu: "Ulimwita?"

Issa akasema hakumwita mtu. Kisha akanitazama, akasema kwamba siku za mwanzo, alipokuwa peke yake, alikuwa anafunga ncha ya uzi kwenye msumari, anakwenda upande wa pili, msumari unachomoka, anarudi. Ikawa hivyo siku nzima. Basi akasema kwa sauti, pale botini: "Mama Zuhura hataki. Laiti ningempata anayetaka."

"Basi," maalimu akasema. "Mwingine alitaka."

Akatusomea, akatupa maji ya kunyunyiza, akakataa sadaka. Asubuhi yake nilipanda ile ngazi tena, nikakaa palepale alipokuwa amekaa, nikashika uzi. Mbao pale zilikuwa za baridi, na jua lilikuwa limezipiga tangu alfajiri. Issa akaniambia taratibu nivute, nikavuta. Alilinganisha, akaandika namba kwenye kioo, akakaza bolti za mwisho. Boti ikapelekwa Lindi juu ya lori, na nasikia haijawahi kupotea njia.

Tulirudi nyumbani. Hatukuachana, kama mnataka kujua. Siku hizi Issa anafunga madishi na umeme wa jua, na nimejifunza kumshikia ngazi, kumwuliza maswali, kucheka anaposema la kuchekesha. Watu hutusifu. Lakini mara nyingine tuko mezani ananiambia, "Kama nilivyokueleza kule Ruangwa," na mimi najua hakunieleza mimi. Namjibu, "Nakumbuka." Kuna wiki mbili za maneno ya mume wangu ambazo anazo mwanamke mwingine. Nikimwambia siyakumbuki, atakumbuka ni yupi aliyekuwa akimsikiliza. Mwanamke wa kawaida ningemfuata kwake, tukashikana, yakaisha. Huyu nitamfuata wapi?

Ningeishia hapo, na ningewaambia tu kwamba mwenzako akikuomba ukae naye kazini, nenda. Lakini msimu wa korosho uliopita yule muuza dagaa alinikuta hapa sokoni, amenuna.

"Shoga, una maringo siku hizi. Jumamosi umenipita Mbekenyera hata salamu hutoi."

Jumamosi nilikuwa kitandani na malaria, dada yangu ananikanda kichwa. Nikamwuliza nilikuwa ninakwenda wapi.

"Ulikuwa unauliza watu nyumba anakofunga dishi mumeo. Mimi ndiye niliyekuelekeza."

Issa alikuwa amerudi kutoka huko Jumapili. Alikuwa na furaha. Sikumwuliza kitu, na yeye hakusema kitu.

Kwa hiyo nawaomba nyote, wa Nachingwea na wa Ruangwa, mnaonifahamu na msionifahamu. Mkinikuta njiani peke yangu, nimevaa vizuri, ninawauliza Issa yuko wapi, msinionyeshe.