Kikao cha Shuka Zilizoungua

Umma unatangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba dada mpiga pasi wa kiwanda cha kufulia nguo amepandishwa cheo ghafla na kuwa mkalimani wa lugha ya ishara. Cheo hakina mshahara, na aliyemvika ni meneja, mtu asiyejua hata kusema "habari" kwa mkono.

Kazini wanamwita Redio, maana hana kitufe cha kuzimia. Msije mkamjengea sanamu: lugha ya ishara hakuianza kwa huruma, aliianza kwa umbea. Fundi wa mashine, ambaye ni kiziwi, alikuwa akipiga soga getini na viziwi wenzake saa ya chakula. Vidole vinaruka, watu wanashika mbavu, na Redio mzima hajui nani kasemwa! Roho ikamuuma. Akaanza kwenda kila Jumamosi kwenye chama cha viziwi. Akajua salamu, rangi, na matusi mawili ya daraja la kwanza. Wakiongeza kasi, alitabasamu na kuitikia kwa kichwa.

Basi shuka za hoteli zikaungua ndani ya kikaushio, na fundi akaitwa ofisini.

"Redio, kaa hapo utafsiri," meneja alisema, kijiti cha meno kikicheza mdomoni. "Mwambie nilimwagiza azime ile mashine, akakubali, halafu akaiacha. Leo anaondoka."

Fundi alikuwa kakaa ukingoni mwa kiti, hapepesi macho. Kibarua chake, chakula cha wanawe, vyote vilikuwa mikononi mwa mwanafunzi wa Jumamosi.

Akaonyesha: meneja, sema, mashine, zima, wewe, ndiyo. Fundi akabadilika uso. Mikono ikalipuka. Redio alinasa "mdomo", akanasa "mgongo", mengine yote yakampita. Na kichwa chake, bila hata kumwomba ruhusa, kikaitikia.

"Anasemaje?"

Angeweza kutunga. Maneno hayajawahi kumpungukia. "Anasema samahani, bosi," ilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi: sentensi safi, yenye adabu, ya kumfukuzisha mtu kazi.

Fundi akapiga meza. Akamnyooshea Redio kidole, akauliza polepole kama anayesema na mtoto: Nimesema nini?

Redio akanyamaza. Kiwandani hilo halijawahi kutokea. Meneja mwenyewe alitoa kijiti mdomoni.

"Dada, nimekuuliza."

"Sijui, bosi."

"Hujui? Si nimekuona hapa unaitikia, ndiyo, ndiyo, kama mjusi ukutani?"

"Naitikia nisionekane mjinga."

"Sasa mtu anaitikiaje kitu asichokielewa?"

Redio alilishika swali hilo kabla halijapoa.

"Bosi, ulipomwagiza azime, ulikuwa wapi?"

"Mlangoni, natoka. Nikamgusa bega, nikamwambia huku naenda. Akaitikia kwa..."

Meneja akayasikia maneno yake mwenyewe. Sentensi hakuimaliza.

Redio akamgeukia fundi. Akaonyesha ishara ambazo siku zote alizikwepa: Sijaelewa. Rudia. Polepole.

Fundi akarudia, neno kwa neno, na safari hii Redio alitafsiri bila nakshi: "Anasema uliongea ukiwa umempa mgongo. Mdomo hakuuona. Akiomba urudie huwa unafoka, kwa hiyo huwa anaitikia tu."

Meneja alitazama dari, akatazama shuka iliyoungua juu ya meza, akakohoa.

"Kikao kimeahirishwa. Atafutwe mkalimani wa kweli. Huyu arudi kwenye mashine. Na wewe, pasi zako zinapoa."

Nje, wapiga pasi wenzake walimzingira. "Shoga, umeokoa kibarua cha mtu! Hebu tuambie, umewezaje?"

"Sikuelewa alichosema," Redio akajibu, akachukua pasi.