Kiwiko cha Kakuma

Nilikuwa kidato cha pili walimu wa michezo walipokuja Lodwar kutafuta wasichana wanaojua kurusha mpira wa kikapu. Atakayechaguliwa angepata nafasi katika shule ya bweni huko Kitale, shule yenye timu. Niliitaka nafasi hiyo kuliko chakula. Aliyenitazama siku ile angedhani nimekasirika, lakini ndivyo uso wangu ulivyo nikitaka kitu.

Nilijifunzia Kakuma, kwenye uwanja wenye ringi moja tu. Ya pili mlingoti wake ulianguka na hakuna aliyeuinua. Kocha wetu alikuwa mkimbizi kutoka Kongo, mzee wa sauti nyembamba tuliyemwita Papa. Mazoezi yalikuwa asubuhi, na asubuhi ya Kakuma ni upepo. Ulivuma kutoka kushoto kila siku, kwa hiyo nilirusha mpira kushoto mwa ringi na upepo ukanimalizia kazi. Sikujua kwamba nafanya hivyo. Nilidhani nalenga.

Lodwar walitupima ndani ya ukumbi. Mpira wangu wa kwanza ukapita kushoto. Wa pili, kushoto. Wa tatu ukagonga ukuta na wasichana wa mjini wakacheka. Mwalimu aliyekuwa akitupima, mgeni wa kutoka Nairobi, akanizunguka polepole kama mnunuzi wa mbuzi.

“Magoti mazuri. Unaruka vizuri. Lakini kiwiko kimetoka nje kama mkono wa birika. Nani alikufundisha?”

“Kocha wangu wa Kakuma.”

“Amekuharibu.”

Alisema hivyo mbele ya watu wote. Nimelelewa kujua kwamba mtu mzima hajibiwi, lakini Papa naye ni mtu mzima, na hakuwepo ajitetee.

“Mwalimu, sijaharibika. Hapa hakuna upepo. Nipe mipira mingine.”

Alinipa, nadhani ili niaibike vizuri zaidi. Nikailenga ringi yenyewe, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Ukaingia. Mwingine ukaingia. Nikakosa mmoja, nikatia mwingine.

“Kiwiko bado,” akasema.

“Bado, mwalimu. Lakini hajaniharibu.”

Akaniambia niombe radhi kwa kumjibu, naye atanichukua. Kitale ilikuwa hapo, ndani ya neno moja dogo. Nikamuuliza, “Radhi ya kosa gani?” Gari likaondoka na wasichana wengine.

Nilirudi Kakuma nikitarajia Papa anisifu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akashika kichwa.

“Weye mutoto! Ungeomba radhi tu! Mukono yako inapinda kweli. Niliona tangu zamani, lakini mupira ilikuwa inaingia, nikaogopa kuigusa.”

Sikumsemesha siku nzima. Nimepoteza shule kwa ajili yake, naye anakubaliana na yule mtu! Kesho yake akanisimamisha kando ya ukuta wa darasa, bega la kulia likikaribia kugusa mawe, akaniamuru nirushe. Kila kiwiko kilipotoka nje, ukuta ulinichubua. Nililia, nikamtukana kwa Kiturkana. Hakuelewa, au alijifanya haelewi. Aliokota mpira, akanirudishia, tena na tena, na jioni akanipaka mafuta kwenye michubuko huku akinikaripia kwa ulimi wangu mrefu.

Mwaka uliofuata walikuja tena, mwalimu yule yule, ukumbi ule ule. Nilirusha. Akanizunguka tena. Akakishika kiwiko changu kwa vidole viwili, akakiachilia.

“Nani amekinyoosha?”

“Kocha wangu wa Kakuma.”

Nilisema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. Akanielekeza kwa kidole upande wa waliochaguliwa.

Nilienda nikasimama. Sikumshukuru.