Bibi Kristiana na Maneno ya Tanuru

Bibi Kristiana wa Mollo alizaliwa kwa mfua chuma, na ukoo alikoolewa ulijivunia jambo hilo kama wengine wanavyojivunia ng'ombe. Baba yake alikuwa wa mwisho upande ule kuwasha tanuru la udongo la kuyeyushia mawe ya chuma. Tanuru lilipozimika, yeye alibaki na maneno yake. Zamani lilisemeshwa kama bibi harusi: lilibembelezwa lisinune, likasifiwa uzuri, ili litoe chuma kwa moyo mkunjufu. Mzee aliyaimba maneno hayo akilima matuta, na bintiye aliyemfuata nyuma akayashika yote. Kristiana akaolewa, akazaa, akazeekea kwenye mahindi na ulezi. Kiswahili alikijua cha kununulia chumvi tu.

Aliishi na mkwewe Bertilla, mjane wa mwanawe wa kwanza, mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Bertilla ndiye aliyemfungulia mlango Shamimu, binti wa duka la vitambaa la Majengo, aliyesomea isimu chuo kikuu na sasa akizunguka kukusanya Kifipa cha zamani kabla hakijapotea.

Shamimu alipiga magoti, akajaribu salamu ya Kifipa. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Anasemaje, mama?" Shamimu alimwuliza Bertilla.

"Anasema wajukuu zake wanakikimbia, na wewe mtoto wa dukani unakifuata. Nikupe kiti haraka kabla hujabadili mawazo."

Siku ya kurekodi, Bertilla alimvisha bibi kitenge kipya. Akasisitiza kwamba jina la bibi, la ukoo na la Mollo yatajwe mwanzoni, tena kwa sauti, ili mtu asije akadai urithi ule ni wa watu wengine. Shamimu alieleza kwamba rekodi itawekwa kwenye mtandao wa mradi wake, na yeyote ataweza kuisikiliza. Bertilla akasema hivyo ndivyo inavyopasa.

Mvua za kwanza ziliponyesha, rekodi ilikuwa imefika kwenye simu za vijana wa bodaboda. Mtu alikuwa ameikatakata, akabakiza jina la bibi na maneno yenye sauti ya kutisha, na chini yake akaweka mdundo wa ngoma. Bertilla aliisikia sokoni Majengo.

"Oya mshikaji, zima! Mkwewe huyo!" kijana mmoja alimwambia mwenzake mwenye simu.

Mwenye simu hakuzima. "Shikamoo mama. Eti hapa bibi anamwita nani?"

"Hamwiti mtu. Anabembeleza tanuru la chuma."

"Tanuru?" Kijana aliwatazama wenzake. "Poa, mama. Sisi hatukijui Kifipa hicho. Labda ni tanuru kweli."

Hawakucheka. Afadhali wangecheka, Bertilla aliwaza njia nzima.

Kisha Justina, jirani yao, akazika mtoto mchanga. Bibi alikwenda msibani na bakuli la uji wa ulezi, na likarudishwa jioni kama lilivyokwenda, uji umeganda juu. Jumapili kanisani waliketi peke yao kwenye benchi la watu sita. Bibi aliuliza kama kuna ugonjwa umeingia, watu wanaogopa kuambukizana. Bertilla akamjibu ndiyo, uko.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja, akakataa kuketi.

"Mwalimu, watu wanasema maneno yale ndiyo yaliyomwita mtoto wa Justina. Wanataka yaelezwe hadharani Jumamosi. Lakini asieleze mtu wa nyumba hii. Nani mwingine anayaelewa?"

Bertilla alimpigia Shamimu. Binti alikuwa amekwisha kuiondoa rekodi mtandaoni, ila ya kwenye simu za watu hakuwa na uwezo nayo.

"Njoo basi uwaambie maana."

"Mama, maana nilipewa na bibi mwenyewe, na wewe ukanitafsiria," Shamimu alisema. "Wakiniuliza nani mwingine alithibitisha, nitasema nini?"

Alibaki Oswaldi, mdogo wa bibi, aliyehamia Chala. Bertilla alimkuta akipukuchua mahindi, akamwekea rekodi asikilize. Haukupita muda, midomo ya mzee ikaanza kwenda pamoja na sauti ya dada yake, kimyakimya, neno kwa neno. Alipoona anatazamwa akaifunga.

"Mjomba, unayajua."

"Siyajui."

"Ni maneno ya baba yako!"

"Nimesema siyajui, mwanangu." Aliokota gunzi, akalitupa. "Nikisimama Mollo nikasema nayajua, kesho wataniuliza mimi nayatumia kufanyia nini. Hata Chala kuna simu. Msalimie dada."

Jumamosi uwanja ulijaa. Justina aliketi mbele na kaka zake, hawakusalimia mtu. Mwenyekiti aliuliza shahidi yuko wapi. Bertilla akasema hakumpata. Mnong'ono ukapita, na watu wa nyuma wakasogea mbele.

Bibi Kristiana hakuelewa kilichosemwa. Aliona watu wa kwao wamekusanyika, naye hakuwa amewasalimia. Akachutama, akapiga makofi ya taratibu ya heshima, akawasalimia kwa Kifipa cha baba yake, salamu ndefu inayotaka kujibiwa kila kipande.

Waliokuwa karibu walirudi nyuma. Simu zikainuliwa. Palikuwa na wazee pale waliolelewa na salamu ile ile. Bertilla aliwatazama mmoja mmoja, nao wakatazama chini. Bibi akangoja, viganja vimekutana. Akarudia kipande cha kwanza, polepole, kama anayesemesha watoto.

Bertilla alimwona kaka mkubwa wa Justina akisimama. Naye Bertilla akatengeneza kitenge chake, akachutama kando ya mama mkwe wake, akapiga makofi na kuitikia, kipande baada ya kipande, kwa sauti ya darasani.

Simu zote zikamgeukia yeye.